Nakatamali Chini ya Dawati la Tatu

Jumatatu, Machi 3

Nimefukuzwa shuleni. Mimi, si mtoto! Binti yangu Keydi alisahau sweta, nikamkimbizia. Mzee Abundio wa getini akanyoosha mkono kunizuia, nikapita chini yake. Nikafungua mlango wa darasa, nikapunga sweta hewani. Darasa zima likacheka. Jioni kasema nikikanyaga tena shuleni wakati yeye yuko huko, anahamia kwa shangazi yake mjini Tegucigalpa. Shangazi asiyejua hata kupika wali! Nikaapa sitakanyaga. Niliapa kwa dhati, karibu dakika kumi.

Lakini nataka kujua kitu kimoja tu. Mapumziko anakula na nani? Shule mpya, wanafunzi mia tisa, na mtoto mwenyewe mpole. Nikimuuliza anasema, "Aah, mama." Hilo si jibu.

Jumanne, Machi 4

Leo akili imefanya kazi. Wazazi tuna zamu za kufagia madarasa saa sita na nusu mchana, wanafunzi wa asubuhi wakishatoka. Nimeomba zamu za wiki nzima. Nohemí, mwenyekiti wa wazazi na mwenye kioski cha shule, kaniuliza kama naumwa. Simpendi sana. Chapati zake za maharage ngumu kama soli.

Kiapo sijavunja, Keydi alikuwa keshaondoka. Nikafagia. Dawati lake ni la tatu, dirishani. Nalijua tangu aibu ya jana. Chini yake nikaweka nakatamali: unga wa mahindi, kuku, nimeifunga kwa jani la mgomba kama ya Krismasi. Ataikuta kesho imepoa, lakini mkono wa mama haupoi. Na kikaratasi: "Kula. Nyumbani usiseme kitu, jibu hapa." Herufi zangu kama kuku kapita, ila zinasomeka.

Jumatano, Machi 5

Kajibu! "Tamu sana. Asante. Ongeza zeituni." Nimelia juu ya ufagio.

Nyumbani kanuna kama kawaida, hasemi neno. Anajua kuigiza huyu! Mwandiko wake umebadilika, siku hizi umelalia upande. Nadhani ndiyo sekondari hiyo. Mimi niliishia la sita, nitajuaje?

Nimeweka mbili, na zeituni. Nikauliza: "Unakula na nani?"

Alhamisi, Machi 6

"Peke yangu."

Maneno mawili. Nimeyasoma mpaka wino umenibaki vidoleni. Nilijua! Hata kufagia sikufagia, nimekaa tu kwenye kiti chake. Jioni nilimtazama akila, akauliza mbona namkodolea macho. Nikasema moshi.

Kesho naingia. Kiapo ni kiapo, lakini hii ni dharura.

Ijumaa, Machi 7

Sijui nianzie wapi.

Kengele ya mapumziko ilipolia nilimwambia Mzee Abundio ng'ombe kaingia kwenye maua ya mkuu wa shule. Akakimbia, maskini, na goti lake lile. Nikapita na sufuria nzima ya nakatamali kichwani. Nilijiandaa kumkuta mtoto kwenye kona, analia. Nikamkuta katikati ya wasichana wanane, anacheka mpaka kalalia benchi, na mkononi ana chapati ya Nohemí. Ya Nohemí!

Mdomo ulishafunguka. "Mwanangu, hutakula tena peke yako!" Nohemí akatoa kichwa dirishani: "Mama Keydi, huyo akila peke yake, mimi ni askofu."

Nikatoa vikaratasi vya chini ya dawati lake, ushahidi wangu. Keydi akavisoma, akawa mwekundu, akasema, "Mama! Mchana dawati langu anakalia mtu mwingine!"

Zamu ya mchana. Naijua zamu ya mchana! Siku tatu nashika zamu ili wakute pasafi. Nilidhani nawafagilia nani, malaika?

Saa sita na nusu nikarudi kwenye ufagio wangu, nikasubiri. Akaingia binti mwembamba, Dariela, akaenda moja kwa moja dawati la tatu. Mama yake yuko Uhispania mwaka wa nne, analea wazee wa watu. Akauliza kwa haya kama ni mimi wa nakatamali, na kama leo zipo. Zipo, mwanangu. Sufuria nzima.

Nilipofika nyumbani, begi la Keydi liko kitandani, limejaa nusu. Kwa shangazi! Sikuwa na hila yoyote, nikamwambia kweli: niliogopa uko peke yako. Nikamweleza na habari ya Dariela. Katoa sweta begini. Kisha viatu. Kasema Dariela apikiwe kila siku, ila mimi, Jumatatu hadi Ijumaa asubuhi, getini nisionekane. Nimeapa mkono juu ya picha ya Bikira Maria.

Jumamosi, Machi 8

Nilimpelekea Mzee Abundio nakatamali ya kumwomba radhi kwa ajili ya goti. Kaila, kisha kanikejeli: kama shule naipenda hivi, si nijiandikishe Jumamosi na watu wazima?

Nimejiandikisha. Darasa la saba! Chumba ni kile kile. Dawati nimechagua mwenyewe.

Mwalimu wa hesabu kaniambia mara mbili nitazame ubaoni. Ningetazamaje, na nilikuwa nabandika selotepu chini ya dawati? Nakatamali ingechacha kabla ya Jumatatu, kwa hiyo ni biskuti za mahindi. Vifurushi viwili, majina juu, cha asubuhi na cha mchana. Kwenye cha Keydi nimeandika: "Kula. Na sweta usisahau."

Kiapo kiko salama. Leo ni Jumamosi.