Vidole Vitatu Ndani ya Mshono

Jumanne, tarehe 14 Mei

Wasomaji wa leo: kumi na mmoja. Jana walikuwa tisa. Tunapanda. Haba na haba.

Makubaliano yamefikiwa asubuhi mbele ya chai, nami nayaandika hapa yasije yakapindishwa. Tangu ghala la rangi lilipopunguza wafanyakazi, likaanza na mimi, nimekuwa nikiendesha blogu yangu, Nyumba Tulivu, kwenye chumba kidogo cha nyuma. Kabla yangu kilikuwa chumba cha cherehani cha mke wangu. Sasa cherehani iko sebuleni, kati ya kochi na mlango wa jikoni, na wateja wake hupimwa viuno mbele ya televisheni. Mke wangu amesema, kwa upole kabisa, kwamba miezi mitatu imetosha. Nikaomba siku kumi. Amenipa. Kabla ya Ijumaa ya tarehe 24 kwisha, nikipata wasomaji elfu moja ndani ya siku moja, chumba ni changu. Nisipowapata, cherehani inarudi chumbani, na mimi Jumatatu yake naanza kazi kwa kaka yake, kwenye duka la magodoro.

Shemeji mwenyewe alikuwepo. Kwa nini yuko kwetu saa moja asubuhi siku ya kazi, hakuna aliyeeleza. Alisema nafasi ipo, nisione haya, sisi ni ndugu. Akala mkate wangu.

Nakitaka chumba hiki. Hapa naweza kusema kweli, hakuna anayesoma. Miaka kumi na tisa nilikaa ghalani kwenye kijimeza katikati ya makopo, na kila aliyepita aliniwekea kitu juu yake. Hapa kuna mlango. Watu wanabisha hodi.

Jumatano, tarehe 15 Mei

Kazi yenyewe haina ugumu. Unasifia kitu, unaweka kiungo chini yake, msomaji anabonyeza, ananunua kwa wenye duka la mtandaoni, na wewe unapata kamisheni umekaa kwako na soksi zako.

Leo nimesifia pasi ya mvuke. Sijawahi kuishika, ila picha yake nimeitazama vizuri. Niliandika kwamba nimeitumia miaka mitatu na haijaniangusha. Saa nane msomaji mmoja akaacha maoni: pasi hiyo imeanza kuuzwa Januari mwaka huu. Nikabadilisha, miezi mitatu. Akarudi kuuliza mbona mkono ulioshika pasi kwenye picha yangu una kucha nyekundu. Nimemfungia. Watu wengine hawana kazi.

Wasomaji: kumi na wanne. Huyo nimemhesabu.

Ijumaa, tarehe 17 Mei

Nimepata akili. Mke wangu hakosi wateja kumi kwa siku. Wote wana simu. Wote hukaa kochini wakisubiri vifungo. Msitu umejaa kuni, na mimi nalalamika baridi.

Nikabandika karatasi ukutani: UKISUBIRI, FUNGUA NYUMBA TULIVU. Nikawapa na intaneti yetu bure. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama mwenye heshima zake, alifungua mara ishirini wakati gauni lake likitiwa zipu. Hadi jioni nilikuwa nimehesabu kwa macho yangu mara mia moja na sitini. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikafungua kihesabu cha wageni.

Mgeni mmoja.

Nikaenda kwa fundi simu pale kwenye kona. Bila kuinua kichwa akanieleza kwamba wote wametumia intaneti ya nyumba moja, na kihesabu changu cha bure kinahesabu nyumba, hakihesabu vichwa. Nikamuuliza kama kuna njia nyingine. Akasema ipo: niandike kitu ambacho watu wanataka kukisoma. Kwa simu anajua sana. Biashara haijui.

Jumamosi, tarehe 18 Mei

Nimemkuta mke wangu anashona koti la kazi, la kijivu. Nikauliza ni la nani. Akasema la mfanyakazi mpya wa kaka. Nikatazama kiuno cha koti. Ni kiuno changu. Hajanipima, lakini baada ya miaka ishirini ya ndoa nadhani hahitaji.

Nikaona ndani ya mshono amekunja kitambaa kingi, vidole vitatu kila upande, nikauliza kwa nini anapoteza kitambaa. Ndipo akacheka, akaniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Kila nguo aliyoshona maisha yake yote ina vidole vitatu vya akiba ndani. Mteja akinenepa, anarudi kaficha nguo kwenye mfuko, ameinamisha uso. Mke wangu anaichukua na kusema: kitambaa kimerudi, kimesinyaa kwa kufuliwa, siku hizi vitambaa ni vibaya, pitia keshokutwa. Usiku anafumua, anatoa kidole kimoja, dakika kumi kazi imekwisha. Mteja anavaa, inamkaa, anaondoka na furaha yake. Akasema katika mikono yake hakuna mtu aliyewahi kunenepa. Ni vitambaa tu vilivyorudi.

Nimempenda upya, nasema kweli.

Kisha nikakumbuka maneno ya fundi simu.

Jumatatu, tarehe 20 Mei

Imetoka! Kichwa cha habari: MKE WANGU AMENIFICHA SIRI KWA MIAKA ISHIRINI. LEO NIMEIGUNDUA.

Ndani nimeeleza vidole vitatu, mwanzo hadi mwisho, kwa heshima. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ni mimi. Chini nimeweka viungo: mkasi, ile pasi, na begi kubwa la safari lenye magurudumu. Begi halihusiani, lakini kamisheni yake nzuri. Nikaituma kundi la ukoo, kundi la ukweni, kundi la mtaa, na kundi la tuliopunguzwa ghalani.

Nilifikiria kumwomba ruhusa mke wangu kwanza. Lakini alikuwa amebana pini mdomoni, asingeweza kujibu.

Wasomaji hadi usiku: mia mbili na kumi na wawili.

Jumanne, tarehe 21 Mei

Mia tano arobaini.

Tatizo dogo: watu hawasomi. Wanaona kichwa cha habari, wanafungua, wanashika vichwa vyao, wanapiga simu. Dada yangu alipiga analia, akasema alijua tangu zamani, mwanamke mkimya vile. Nikamwambia asome hadi chini. Akasema moyo wake hauwezi. Aliyenisimamia siku ya harusi naye akapiga, akanitaka nivumilie, kila ndoa ina mtihani wake, watoto wana umri gani? Nikamwambia ni habari za mishono. Akasema sawa ndugu yangu, iite upendavyo.

Shemeji hakupiga. Alipita nje polepole na pikipiki ya duka, akanitazama, akaenda zake.

Sasa habari njema. Saa kumi jioni nimepata mauzo yangu ya kwanza. Begi la magurudumu! Lile kubwa, la buluu! Nimezunguka meza mara mbili. Kuna mtu mahali fulani, hanijui, anajiandaa kwa safari, na katika mabegi yote ya dunia hii ameniamini mimi.

Alhamisi, tarehe 23 Mei

Kumbe wapo wanaosoma hadi chini. Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu.

Alifika saa tatu, gauni mkononi, wala hakulificha kwenye mfuko. Akalitandaza juu ya cherehani, akaligeuza ndani nje, akautafuta mshono mwenyewe. Kisha akamwomba mke wangu amwambie ukweli, yeye ni mtu mzima: amebakiza vidole vingapi?

Mke wangu hakuelewa. Mwalimu mkuu akampa simu asome. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba changu, nikamwona anavyosoma. Anasoma polepole, hadi mwisho. Akairudisha simu, akachukua gauni, akapima, akajibu: kimoja. Mwalimu mkuu akakaa kochini. Akasema kumbe miaka sita yote si sabuni.

Mimi mke wangu hakunifokea. Angefoka ningejua pa kujibu. Nilimfuata jikoni nikamwambia sikutaja jina la mteja yeyote. Akasema najua. Nikasema nilidhani atafurahi kusifiwa. Akasema wale waliniamini, ndipo akawasha bomba la maji na hatukuendelea.

Nimeona aibu. Naiandika ili iwepo.

Saa tisa kihesabu cha leo kilifika elfu moja na thelathini na sita. Nilikuwa peke yangu chumbani. Nilidhani nitaruka kwa furaha; sikuruka.

Saa kumi na moja hodi. Mama mkwe. Amesafiri kutwa nzima kuja kusuluhisha ndoa yetu, na atakaa hadi itakapopona. Nyuma yake begi la buluu, kubwa, la magurudumu, karatasi ya dukani bado inaning'inia. Akasema mwanangu, hili begi nimelinunua kwako, nikaona nikija na ugomvi walau nije na baraka.

Ijumaa, tarehe 24 Mei

Foleni. Imeanzia kochini, ikapita mlango, ikashuka ngazi. Watu na magauni yao, suruali zao, sare za kwaya. Kila mmoja anataka kujua akiba yake. Wengine wamekasirika kidogo, wengine wanacheka. Mwanamume mmoja amebakiza nusu kidole, akapewa pole na foleni nzima. Hakuna anayesema kitambaa kimerudi. Dakika kumi, zamu yako, mwingine.

Mama mkwe ameelewa suala lote kwa sentensi moja, akavaa miwani na kuanza kufumua akiwa amekalia begi lake, maana kiti hakuna. Shemeji alifika kunichukua kwa mazungumzo ya kiume, akajikuta ameshikishwa utepe wa kupimia.

Mke wangu alikuwa anampima mtu ukumbini kati ya jokofu na mlango wa choo. Nilimwambia amenishinda, achukue chumba. Akasema hapana, umefikisha elfu, makubaliano ni makubaliano, akaendelea kupima. Hata hakuniangalia vibaya. Hapo ndipo nilipochoka.

Nikatoa meza yangu mwenyewe. Kompyuta nikaiweka juu ya jokofu. Kisha mimi na shemeji tukaibeba cherehani, yeye mbele, hadi dirishani mahali pake pa zamani, alama za miguu yake zilikuwa bado sakafuni. Mke wangu akaingia, akakaa, akaurudisha mlango. Niliposikia mashine inaanza, nilibisha hodi nikauliza kama anataka chai. Akasema anataka.

Jumatatu, tarehe 27 Mei

Siku ya kwanza dukani. Nimepewa meza, iko katikati ya magodoro, na hadi saa sita watu watatu wameweka vitu juu yake. Mlango ni wa duka, haubishwi hodi.

Asubuhi koti la kijivu halikufunga. Siku nne za mapishi ya mama mkwe. Nilisimama mbele ya mke wangu nimevuta tumbo ndani, nikisubiri anachostahili kuniambia. Alilishika koti, akaligeuza, akasema kwa utulivu kabisa: kitambaa kimerudi. Halijawahi kufuliwa hata mara moja. Akatoa kidole kimoja, nikavaa, likanikaa.

Nilitaka kulia. Nimeapa njia nzima kwamba siri ya mtu sitaigusa tena.

Mchana shemeji alinikaribisha chakula kule stoo. Amelainika tangu tubebe cherehani pamoja. Alitazama nyuma, akasogea karibu, akaniambia jambo la godoro lile la bei ya juu, lile la dirishani, ambalo wateja hawalijui na hajawahi kumwambia mtu.

Kichwa cha habari tayari ninacho: SHEMEJI YANGU ANAFICHA NINI NDANI YA GODORO? Atashukuru, duka halina wateja wa kutosha. Nimeandika nusu nzima juu ya meza hii. Chini nitaweka viungo vya mito na mashuka.

Na lile begi. Lile linauzika.