Mnyororo Ulianguka, Muziki Ukaendelea

Leo heshima yangu imezikwa. Imezikwa mchana kweupe, hapa Dilala, mbele ya pasta, bamama wa kwaya na vijana wote wa taxi-moto wa mtaa wetu. Na video iko. (Ndiyo, ile ile inayozunguka. Yule mwenye shati la kijani ni mi. Niacheni nieleze kabla hamujatumiwa mara ya kumi.)

Anayenijua anajua ugonjwa wangu: mi ni mwalimu, lakini zaidi ni mtu wa mazingira. Mtu akichoma plastiki, nafika pale kabla ya moshi. Mama akitoka sokoni na sachet, mfuko wa plastiki, namuuliza kikapu chake kilikufa na nini. Nyumbani kwangu maji ya kuoga hayamwagwi, yanakwenda kunywesha mboga zetu za lengalenga. Mke wangu Odette alishasema kwamba siku nitakapokufa nitaomba nizikwe bila sanduku, ili mboga zisikose chakula. Mtaa mzima unaniita Tata Bio. Si kwa upendo.

Sasa, centre de santé yetu, zahanati ya mtaa, haina maji. Mama akienda kuzaa, anakwenda na mtoto tumboni na bidon ya lita ishirini kichwani. Odette mwenyewe alizaa hivyo mtoto wetu wa mwisho, mi nyuma yake na bidon ya pili. Kwa hiyo watu wa mtaa tukaamua kufanya konseri ya reggae, tutafute citerne, tangi kubwa la kukusanya maji ya mvua. Mtu haingii kwa pesa. Anaingia na gunia la chupa tupu za plastiki, tuziuze kwa wale wanaozinunua, tupate mabati na mabomba. Na citerne yenyewe? Tukaenda kuiomba kwa Mama Béa.

Mama Béa ndiye mwenye quincaillerie, duka kubwa la vifaa pale barabarani: misumari, mabati, rangi, jenereta, citerne. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Yeye husema baba yake alichimba shaba, yeye anachimba wateja. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama mi peke yangu.

"Citerne iko," alisema. "Lakini siwezi kupa citerne batu ya maneno. Mwalimu, kila siku bio, bio, bio. Mi nataka kuona bio moja yenye inatumika."

Hapo kiburi kikanishika mdomo.

"Mama, konseri yote itatembea na umeme ya baiskeli! Bila essence, bila petroli hata tone. Mi mwenyewe njo nitakanyaga."

"Masaa ngapi?"

"Mbili!"

"Bila kushuka?"

"Bila kushuka!"

(Huyu anayesema ni mtu ambaye akipanda ngazi tatu za kanisa anaomba kiti.)

Nikaitengeneza. Baiskeli ya zamani, stendi ya chuma, dynamo ya gari lililokufa. Jana nikaijaribu uani. Nilikanyaga mpaka nikaona nyota na jua liko juu. Taa moja iliwaka. Redio ilisema "Habari za", ikazima.

Odette alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, pale pembeni. Akauacha mchi.

"Tata, na hii njo utaimbisha bendi?"

"Kesho nitakuwa na nguvu."

"Kesho utakuwa na homa."

Mtu mwenye akili angeenda kwa Mama Béa kusema ukweli. Mi nilienda kwa Papy. Papy ni shemeji yangu, mdogo wake Odette, ana kibanda cha kuchajisha simu. Na ana groupe, jenereta ya petroli. Ile ile ambayo nimeitukana miaka mitatu kwa sababu ya moshi wake.

"Shemeji, nataka uniazime groupe yako. Lakini mutu asijue."

Papy alicheka mpaka akashika ukuta. "Weye? Tata Bio? Unatafuta essence?"

"Sema polepole!"

Mpango ulikuwa hivi. Nyuma ya kanisa kuna bafu la mabati lisilotumika. Groupe tuliiweka humo, tukaizungushia magodoro ya zamani ili isipige kelele. Waya tukauzika chini ya udongo mwekundu mpaka jukwaani. Kando ya baiskeli nikaweka sanduku kubwa la mbao, nikaandika kwa rangi: BATTERIE. USIGUSE. Ikabaki shida moja. Bendi ikipiga, bass itafunika ngurumo. Lakini kati ya wimbo na wimbo je?

Nikamfuata mwimbaji wetu, Ras Makwetu. (Siku za kawaida ni dereva wa taxi-moto, rasta zake haziingii ndani ya kofia.)

"Ras, musisimame kati ya nyimbo. Mufululize tu."

"Juu ya nini?"

"Reggae ni kama muto ya Lualaba. Haisimamake."

Alinitazama kwa heshima, polepole, kama mtu aliyepewa unabii. "Mwalimu, ile ni maneno ya nguvu." Akaenda kuwaambia wenzake. (Nilijisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.)

Leo, saa nane mchana, uwanja wa kanisa ulijaa pomoni. Magunia ya chupa yalipanda mpaka dirishani. Mama Béa alikaa mbele kabisa, kitenge kipya, mikono kifuani, kama msimamizi wa mtihani wa serikali. Mi nikapanda baiskeli na shati langu la kijani, nikapungia watu mkono. Wakapiga makofi! Nikapunga tena.

Pasta Ilunga akaomba tusali kwanza. Uwanja ukanyamaza, hata watoto mgongoni.

Kumbe nilisahau kumwambia Papy habari ya sala.

Mmmmmmmmm.

Nyuma ya kanisa. Nikaona watu wanafungua jicho moja moja. Jasho likanitoka kabla sijakanyaga hata mara moja. Ndipo Pasta akanyanyua mikono yote miwili.

"Munasikia? Munasikia ule uvumi? Roho eko anashuka!"

"Amina!" wakapiga kelele bamama wa kwaya. Mmoja akaanza kulia. Nami nikasema amina kubwa kuliko ya wote, nikaanza kukanyaga.

Muziki ukapigwa. Jamani! Bass iliingia mpaka kwenye meno. Vumbi likapanda, vijana wa taxi-moto wakaacha pikipiki zao, mamoja kwao abiria wapo au hawapo. Na kwa vile nilikuwa nadanganya, niliona lazima nionekane nateseka. Nikakunja uso. Nikauma meno. Wimbo ukipanda, nainuka kwenye kiti, ukishuka, nashuka. Nilikuwa mzuri sana. (Nasema ukweli, nikiangalia video nakubali: nilikuwa mzuri.)

Katika wimbo wa pili Odette alikuja kunifuta jasho kwa pembe ya kitenge chake. Akaniinamia sikioni.

"Tata, jana nilikucheka. Unisamehe."

Hapo ndipo ilinipasa kushuka. Mguu wangu wa kushoto ulitaka kushuka kabisa. Lakini nikamwona Mama Béa, na kidole chake kikubwa cha mguu kimeanza kucheza ndani ya kandambili. Citerne ile, nikajiambia. Citerne inacheza! Nikaendelea kukanyaga.

Wimbo wa nne. Kitu kikalia, tak. Sikukisikia. Nilichosikia ni miguu kuwa miepesi ghafla. Nikasema, ona, mwili umezoea! Nikafumba macho. Nikakanyaga kwa raha, mkono mmoja hewani kama bingwa anayemaliza mashindano, nikaenda hivyo karibu nusu ya wimbo.

Nilipofungua macho, hakuna aliyekuwa anacheza. Bendi tu ndiyo ilikuwa inapiga, maana niliwakataza kusimama. Watu wote walikuwa wanaangalia chini. Nami nikaangalia chini.

Mnyororo ulikuwa umelala kwenye udongo kama nyoka aliyeuawa. Gurudumu la nyuma limesimama, halitikisiki. Na muziki unakwenda, mtamu kuliko mwanzo.

"Muujiza!" akalia Pasta.

(Nisameheni. Kwa muda kama wa kumeza mate, nilifikiria kuukubali.)

Mama Béa akasimama. "Ras, simamisha."

Ras akanitazama mi, bado anapiga gitaa. "Lakini Mwalimu alisema Lualaba haisimam..."

"Simamisha!"

Bendi ikanyamaza. Uwanja ukanyamaza.

Mmmmmmmmm.

"Mwalimu," akasema Mama Béa, kwa upole wa kutisha. "Mnyororo iko chini. Muziki ilikuwa inatoka wapi?"

"Ni batterie, Mama. Ilikuwa imeweka akiba."

"Batterie yenye kunguruma?"

Akaja mwenyewe, akafunua sanduku. Ndani mlikuwa na mkate wangu, yai la kuchemsha na chupa ya maji. Vyote ndani ya sachet nyeusi.

Sachet, ndugu zangu! Nyeusi! Bamama wa kwaya walitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia hata kwenye matanga. Na mmoja, yule niliyemsumbua sokoni wiki iliyopita, akauliza kwa nguvu: "Tata Bio, na kikapu yako weye ilikufaka na nini?"

Mama Béa hakuhangaika kutafuta waya. Aligeuza tu sikio, kama mama anayesikia kikohozi cha mtoto wake kati ya watoto wengi.

"Ile groupe naijua. Inakohoaka hivi, kisha inapanda. Ni ya Papy. Mi njo nilimuuzishaka."

Akaenda moja kwa moja nyuma ya kanisa, uwanja mzima ukamfuata. Mi nilitaka kushuka nikimbie njia nyingine, lakini miguu ilikuwa imekufa. Vijana wanne wa taxi-moto wakaniteremsha na kunibeba kama kabati, tena kwa haraka, ili nisikose kitu.

Mlango wa bati ukafunguliwa. Papy alikuwa mle katikati ya magodoro, uso mweusi kwa moshi, leso puani, macho yamefumbwa, anacheza reggae peke yake. Alipotuona, hakuulizwa neno. Hakuulizwa! Akanyoosha kidole.

"Ni shemeji!"

Kicheko cha watu wachache kina sauti. Kicheko cha uwanja mzima kina upepo, nilikisikia kwenye nyusi. Ras Makwetu alikaa chini kabisa. Pasta alicheka akiwa amefunika uso na Biblia. Kila mtu alicheka, isipokuwa Odette.

"Na mi nikakuomba musamaha," alisema.

Hilo liliniuma kuliko video. Nikawaomba wale vijana waniweke chini.

"Mama Béa," nikasema, "baiskeli inawasha taa moja. Basi. Niliogopa bamama watakosa citerne juu ya mudomo yangu. Mi njo mwenye makosa. Usiwanyime bamama."

Mama Béa alimwambia Papy azime. Ngurumo ikakata. Akayageukia yale magunia.

"Zile chupa, ni groupe ililetaka?"

"Apana!" watu wakajibu.

"Ni nani alileta?"

"Ni shiye!" wakajibu, kila mtu akijigonga kifua.

"Basi. Citerne ni ya bamama wenye kuzaa, haiko ya Mwalimu. Kesho mukuje muibebe." Watu wakaanza kushangilia, vigelegele vikapanda, nami nikaanza kushangilia. Akanigeukia. "Weye bado. Ulisema masaa mbili. Rudisha mnyororo."

Na konseri ikaendelea bila courant, bila umeme wowote. Ras akaimba kwa koo lake, vijana wakapiga bidon tupu, bamama wa kwaya wakafanya bass kwa mdomo, dum-dum, dum-dum. Haki ya Mungu ilipendeza kuliko ya mwanzo. Na mi? Mi nilikuwa juu ya baiskeli, mbele ya watu wote, nakanyaga ili taa moja iwake. Mchana. Juani. Taa ambayo hata ikiwaka, huwezi kujua imewaka mpaka uiwekee mkono. Mama Béa alisogeza kiti chake karibu nayo, akaweka mkono juu yake kama kofia, akaichungulia.

"Mwalimu! Inazimika!"

Nakanyaga.

"Inazimika tena!"

Nakanyaga. Watu wakaacha kuangalia bendi. Wakaja kuangalia taa.

Sasa ni jioni, nimelala chali, miguu iko juu ya mto na siisikii. Somo nililopata ni hili: ukitaka kudanganya watu na chombo, kwanza uliza nani alikiuza. Odette amenipikia bukari, ugali wetu, lakini tangu tufike hajanisemesha. Yuko chumba cha pili na simu. Namsikia anaangalia ile video, anairudisha mwanzo, anaiangalia tena. Mara ya tatu hii. Amefika pale pa mkono hewani...

Ameanza kucheka. Mungu asifiwe! Nyinyi basi musicheke. Huyu mmoja ananitosha.