Ombi la Picha ya Mama Mkwe Juu ya Meza ya Chakula

Omosa, Karani wa Mizani,
Ghala la Nafaka,
Migori.
10 Agosti 2025

Kwa Maro mheshimiwa,
mama mzazi wa mke wangu Emmaculate,
Sindo.
Kwa mkono wa shemeji Ken, ambaye naomba akusomee polepole na asicheke kabla ya kufika mwisho.

KUH: MALALAMIKO JUU YA KIKAPU CHA JUMATANO

Maro,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikiwa nimesimama. Nimejaribu kukuandikia nikiwa nimeketi na mkono ukakataa. Tangu nimwoe binti yako, miaka kumi na minane sasa, tumesemezana mara chache, kila mmoja akitazama upande wake, na hatujawahi kula meza moja, kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawatazamani midomo. Kwetu Kisii ni hivyo hivyo, kwa hiyo katika jambo hili hakuna wa kutulegezea. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu kinaishia sokoni, na Kikisii chako kinaishia kwenye salamu.

Kabla ya malalamiko, nieleze chanzo. Tarehe 6 Januari nilimpeleka mjukuu wako Lynnet shuleni, kule upande wa Asumbi, kuanza kidato cha tatu. Kutoka lango la chini hadi mahali masanduku yanapokaguliwa kuna mlima mdogo. Wazazi wengine hawauoni. Mimi niliuona. Nilibeba sanduku la Lynnet begani, nikapumzika mara ya kwanza penye mti, mara ya pili penye bomba la maji, na mara ya tatu, kwa kukosa mahali pa kukaa, nikalikalia sanduku lenyewe. Kifuniko kikaingia ndani. Mzazi mmoja aitwaye Phelesia, mwenye mtoto mgongoni, alinisogeza kwa upole, akajitwika sanduku pamoja na shimo lake, akaenda nalo juu bila hata kulishika kwa mkono. Shajara yangu ya siku hiyo ina mstari mmoja tu: "Nimeketi."

Wasichana walikuwa wanatazama. Tangu siku hiyo Lynnet anaitwa Binti Breki. Likizo ya Aprili aliniambia, akikunja sare, bila hasira yoyote: "Baba, muhula huu nitaenda na mama." Na wakaenda, mimi nikabaki langoni kwetu napunga mkono. Niliomba nafasi moja tu, ufunguzi wa tarehe 25 Agosti, nimbebee sanduku kutoka lango la chini hadi juu bila kupumzika. Alifikiri, akasema atatazama.

Basi, tarehe 2 Mei nilijipima kwenye mizani ya ghala, ile ya magunia. Kilo 104. Mama Nyarangi, mfanyabiashara wa mahindi, alikuwa kwenye foleni. Alisoma namba, akasema: "Karani, hilo gunia lina unyevu. Lirudishe likaanikwe." Siku hiyohiyo nilikwenda kwa kijana aitwaye Tony, mwenye jimu nyuma ya soko, akanipa karatasi ya ratiba ya chakula cha mwanamume anayetaka kupunguza mwili na kujenga misuli. Nimeifuata ratiba hiyo kwa uaminifu wa karani. Ijumaa iliyopita nilikuwa kilo 105. Baada ya uchunguzi nimeona kosa si la ratiba wala langu. Ni la kikapu chako. Yafuatayo ndiyo malalamiko.

1. Kikapu kinafika kila Jumatano bila kukosa, kimejaa samaki ngege waliokaushwa, dagaa wa omena, mboga ya mrenda na unga wa mtama. Emmaculate alinifundisha mwaka tuliooana kwamba chakula cha Maro, yaani cha mama mkwe, hakirudishwi wala hakigawiwi jirani. Karatasi ya Tony haina safu ya chakula kisichoweza kukataliwa.

2. Karatasi inataja samoni. Niliulizia samoni Migori nzima, hadi mchuuzi mmoja akaniuliza kama ni mtu wa Isebania. Kwa kuwa ratiba ni ratiba, niliweka ngege wako mahali pa samoni. Lakini karatasi inasema kipande cha upana wa kiganja, nawe unaleta samaki mzima mwenye kichwa na mkia. Mimi si mtu wa kuvunja maungo ya samaki wa mama mkwe.

3. Kuhusu ugali, karatasi inasema usizidi ngumi ya mlaji. Haisemi ngumi imekunjwa kwa nguvu kiasi gani. Nimepima ngumi yangu ikiwa imelegea, ikiwa imeshika rungu, na ikiwa ndani ya glavu ya kubebea magunia. Unga wa mtama wa kwako unaumuka katika hali ya tatu. Hili silo kosa lako peke yako.

4. Karatasi inaagiza milo midogo sita kwa siku. Nimeitekeleza yote sita. Ile mitatu ya zamani sikuiacha, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa iachwe. Kikapu chako ndicho kilichowezesha jambo hili, maana nyumba isiyo na kitu haiwezi kupika mara tisa.

5. Misuli, anasema Tony, hujengwa kwa kula protini ndani ya nusu saa baada ya mazoezi. Kwa hiyo kila niionapo omena yako nafanya mazoezi ili niistahili. Tarehe 16 Julai nilijiinua kwa mikono sakafuni mara nne, nikala bakuli mbili. Mara nne ndizo ninazoziweza. Bakuli ndizo ningeweza kuongeza.

Maro, sikuombi uache kuleta kikapu. Najua kwamba huwezi kulala nyumbani kwangu, huwezi kuketi mezani kwangu, na kwamba kikapu hicho ndiyo miguu yako ya kutembelea wajukuu. Ninaloomba ni dogo zaidi, na nimelifikiria kwa utaratibu.

Katika picha za harusi yetu kuna moja ambayo umesimama pembeni, umemtazama mpiga picha kama mtu aliyeletewa samaki wa juzi akaambiwa ni wa leo. Tarehe 27 Julai, wakati wa chakula cha mchana, niliitafuta picha hiyo kwenye simu, nikaiegemeza kwenye kopo la sukari mbele ya sahani yangu. Matokeo yalinishangaza. Nilikula matonge matatu, nikainamisha kichwa, nikanawa. Emmaculate aliniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa na adabu.

Kwa bahati mbaya simu hujizima baada ya nusu dakika, na giza lilipoingia kwenye kioo nikala tonge la nne na yaliyofuata.

Kwa hiyo naomba rasmi:

(a) Picha yako kubwa, yenye fremu, isiyojizima, nitakayoitundika juu ya meza ya chakula. Uso uwe uleule wa harusini. Tafadhali usitabasamu. Ukitabasamu tutaongeza kilo.

(b) Picha ya pili, ya ghalani, nitakayoiweka kwenye mizani mahali pa kusomea namba.

(c) Picha ndogo, ya ukubwa wa kitambulisho, ya kuwekwa mfuko wa shati, upande ulipo kibanda cha chai cha Bochaberi, ninapopita kila asubuhi.

(d) Kikohozi chako. Kila ukija kwetu hukohoa ukiwa bado langoni, ili mkwe apate nafasi ya kutoka kwa heshima. Naomba Ken akirekodi kikohozi hicho kwenye simu, nami nitakipanga kilie saa saba mchana na saa moja jioni. Mara mbili za majaribio Emmaculate alikohoa kwa niaba yako, lakini yeye nimemzoea.

(e) Ikiwa hayo yote yatashindikana, nitakuomba uje mwenyewe kwa siku kumi na tano zilizobaki, ukae kwenye kiti nje ya dirisha la chumba cha kulia, ukiwa umenipa mgongo. Hutaniona na sitakuona, kwa hiyo desturi itakuwa salama. Itatosha nijue kwamba upo. Mvua ikinyesha tutakupa mwavuli.

Naelewa kwamba katika historia ya Sindo na Migori hakuna mkwe aliyewahi kumwomba mama mkwe amzuie kula. Wengi huomba kinyume chake. Lakini zimebaki siku kumi na tano, mlima uko palepale, na mtoto wangu amesema atatazama. Sitaki kumwona akitazama chini.

Nisalimie nyumba yote: Ken na watoto wake, kina mama wenzako wa soko la samaki, mzee Willis wa jirani anayeniita Tembo wa Kisii (mwambie kwamba sikukasirika, ila niliandika tarehe), na hata yule jogoo wako aliyenikimbia mwaka jana kwa kudhani nimekuja kumtazama yeye. Emmaculate na watoto wako salama na wanakula kwa kiasi. Anayebaki ni mimi.

Ni mimi mkweo, ninayeinamisha kichwa hadi hapa kwenye sahihi,

Omosa
Karani wa Mizani

N.B. Jumatano, 13 Agosti. Barua hii ilikuwa inamsubiri Ken aje na kikapu. Kwa kuwa mwandiko wangu ni wa risiti, nilimpa Lynnet ainakili vizuri. Hilo lilikuwa kosa, maana aliisoma yote, akampa mama yake, na mama yake akaenda kuleta shajara yangu, akaketi nayo pamoja na kalamu nyekundu.

Maro, imenibidi niandike yaliyopatikana. Tarehe 30 Mei, baada ya vikapu vinne, mizani ilisoma kilo 101. Sikuwa nimekutajia hilo. Kisha Juni ukaenda Homa Bay kumuuguza dada yako, na Jumatano tatu zikapita bila kikapu. Tarehe 20 Juni nilikuwa 107. Vikapu viliporudi, nilianza tena kushuka. Emmaculate akauliza, katika wiki zile tatu nilikula nini. Shajara inaonyesha kwamba sikula sana. Inaonyesha pia, kila asubuhi, mstari usemao "Mazungumzo na Bochaberi." Alitaka kujua mazungumzo hayo huwa ni ya chapati ngapi. Nilisema hatukuwa tukihesabu. Lynnet alisema Bochaberi anahesabu, akaenda kumuuliza. Ni nne, na chai ya maziwa.

Kwa hiyo samaki wako hana hatia, mrenda hauna hatia, na unga wa mtama umeachiliwa. Picha usilete, isipokuwa ile ndogo ya mfukoni.

Kuhusu sanduku, nilimwambia Lynnet kwamba siku zilizobaki hazitoshi, na kwamba aende tu na mama yake. Alikuwa bado ana barua mkononi. Akaniambia: "Baba, sanduku lina masikio mawili. Wewe utashika moja, mimi moja."

Nikamuuliza, na wasichana je? Akasema wasichana waache waone.

Jana jioni tulifanya majaribio, kutoka ghalani hadi nyumbani, sanduku likiwa na vitabu vyote. Nilisimama mara moja. Naye alisimama, akatua upande wake, akatazama barabara kana kwamba ni yeye aliyechoka.

Kikapu cha tarehe 20 tafadhali kije kama kawaida, na kama kuna nafasi, ongeza ngege wawili. Wa kwanza ni wa kwenda na Lynnet. Wa pili ni wa kunipa nguvu za mlima, nami nitamla kiganja kwa kiganja. Lynnet amekubali masharti yote hayo. Ameongeza moja lake, akataka niliandike hapa mbele yako ili nisiweze kulikana: tukipumzika, tupumzike, ila sanduku nisilikalie.