Nguzo Mbele ya Goli

Jumatatu, 4 Machi
Nimeteuliwa kocha! Mwalimu mkuu katangaza mbele ya shule nzima. Jumamosi tunacheza na shule ya ng'ambo ya mto. Kila timu wavulana wanne, wasichana watatu. Sharti la waandaaji: bao la kwanza la kila timu lifungwe na msichana. Bila hilo, mabao ya wavulana hayahesabiwi. Eti watoto wajifunze usawa. Sawa. Mimi nataka kombe.
Kocha wa ng'ambo ni dada yangu, fundi cherehani. Mtu wa sindano na uzi! Nimecheka hadi machozi.

Jumanne, 5 Machi
Mbinu imepatikana. Msichana mmoja nitamsimamisha mbele ya goli la wapinzani, asitikisike. Wavulana watampigia mpira, utamgonga, utaingia. Nimemchagua mpole kuliko wote, nikambatiza Nguzo. Kauliza kama anaweza kukimbia kidogo. Nimemwambia nguzo hazikimbii.
Binti yangu naye kaomba namba. Nimemuuliza vyombo ataosha nani. Mama yake kadakia kwamba hata mimi nina mikono. Nimejifanya sikusikia.

Alhamisi, 7 Machi
Mazoezi mabovu. Wavulana hawampi Nguzo pasi hata moja. Mwenyewe kaketi chini, anabandua mbegu za majani zilizonasa kwenye soksi.
Jioni, balaa. Binti yangu anachezea timu ya shangazi yake! Kumbe akitoka darasani anavuka daraja kwenda mazoezini. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemwahidi viatu vipya akirudi kwangu. Kajibu kwa adabu zote:
“Ahsante baba. Lakini shangazi hakuniuliza habari za vyombo.”

Jumamosi, 9 Machi
Kabla ya mechi nimemwendea mwamuzi, nesi wa zahanati, nikadai mtoto wangu hawezi kuchezea ng'ambo. Kaniuliza, tena kwa sauti, kwa nini basi sikumpanga kwangu. Uwanja mzima ukanigeukia. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.
Wavulana wangu wakafunga matatu. Yote yakakataliwa! Nikapiga kelele hadi sauti ikakauka: mpeni Nguzo! Mwishowe wakampa. Mpira ukamgonga begani, ukatoka nje.
Kisha binti yangu akaupata katikati. Akampita mmoja. Akampita wa pili. Akamtazama kipa wangu, akauweka pembeni taratibu, kama mtu anayeweka yai kapuni. Bao!
Nikajikuta nimeruka juu: “Huyo wangu! Huyo wangu!” Wachezaji wangu wa akiba wakanitazama kama mwehu.
Tumefungwa hilo hilo moja. Dada yangu kaja kunipa mkono.
“Kaka, mtoto ana mguu wako wa kushoto. Ulikuwa unamficha wapi?”
Nikageukia pembeni. Nikapangusa macho. Vumbi, bila shaka.
Nguzo naye kanifuata, anajishika bega. Kauliza polepole:
“Mwalimu, mechi nyingine nitakimbia?”
Nimemwambia nitafikiria.

Jumapili, 10 Machi
Binti kapumzika, amri ya mama yake. Vyombo nimeosha mimi. Huku nasugua masufuria nimefikiri kweli kweli, kama nilivyoahidi. Na kosa nimeliona, wazi kabisa! Goli ni pana, nami nilisimamisha msichana mmoja tu. Msimu ujao nitawasimamisha wote watatu.