Hukumu ya Ukurasa wa Mwisho

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vipande vinne vya mbao. Vilikuwa chini ya miguu ya kiti cha Mkurugenzi, kimoja kila mguu, vimepakwa rangi ya sakafu ili visionekane. Mpiga deki ndiye anayeviona vitu kama hivyo. Jana yake havikuwepo. Nikavipitishia tambara, nikavikausha, nikaendelea na deki.

Asubuhi hiyohiyo Mkurugenzi alipanda kitini, miguu yake ikabaki inaning'inia, akatoa tangazo kubwa.

"Kuanzia leo," alisema, "kila shujaa wa fasihi ya kale atapata stahiki zake, na kila mwovu ataadhibiwa, ndani ya siku kumi na nne za kazi tangu kitabu chake kifike hapa!"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kidogo kwa sababu nilikuwa nimeshika birika.

Lilikuwa jambo la busara. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba vitabu vya zamani vimejaa uzembe. Huku mchimba visima anakufa kwa kiu, kule mama wa kambo mkatili anafia usingizini, juu ya godoro laini, wajukuu wamemzunguka. "Mwananchi akishasoma hayo," Mkurugenzi alieleza, "kesho unamwambia apange foleni, anakuuliza, nikipanga nitapata nini?" Ndipo ikaundwa Idara ya Tuzo na Adhabu za Fasihi, na Idara ndiyo sisi.

Kamati ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi mwenyewe. Wa pili alikuwa mwanasheria tuliyemwita Bi Kanuni, ambaye kitabu cha kanuni hakikumtoka kwapani hata akienda msalani. Wa tatu alikuwa mzee mpole aliyeitwa Naunga Mkono, kwa kuwa hayo ndiyo maneno aliyokuwa nayo. Masijala, kwenye chumba cha majalada, alikaa Shangazi yangu. Alikuwa amekaa humo miaka thelathini na mmoja. Mimi nilikuwa wa chai na deki, na jina langu pale lilikuwa Kimya.

Vitabu vilikuwa vingi na siku kumi na nne ni chache, kwa hiyo Kamati iliamua kusoma ukurasa wa mwisho tu. "Hukumu iko mwishoni," alisema Mkurugenzi. "Mwanzo ni maoni ya mwandishi." Kurasa za mwisho zikawa zinachanwa na kuletwa kikaoni kwenye sinia, pamoja na chai.

Ili kuepusha upendeleo, Kanuni ya Sita ilisema kila ukurasa ufutwe majina, vyeo na sifa kabla ya kuhukumiwa. Mpiga chapa alipiga mstari kwa penseli chini ya neno la kufutwa, halafu mtu mwingine akalipaka wino mweupe. Mtu mwingine huyo nilikuwa mimi.

"Huyu hakumaliza hata darasa la tano," Mkurugenzi aliwaambia wenzake, mimi nikiwa hapohapo namimina chai. "Hawezi kumpendelea mtu ambaye hawezi kumsoma."

"Naunga mkono," alisema Naunga Mkono.

Kusema kweli mpiga chapa alikuwa anapiga mstari kwenye majina na vyeo tu. Sifa zilikuwa nyingi mno, na penseli ilikuwa moja. Hakuna aliyelalamika. Neno "jasiri" likibaki, kazi inakuwa nyepesi.

Pale ambapo mwandishi alikuwa mchoyo wa sifa, Kamati ilitumia Jedwali la Dalili, alilolitunga Bi Kanuni na Mkurugenzi akalitia saini kwa furaha. Dalili za mwovu zilikuwa nne. Huketi juu kuliko wenzake. Hunywa kabla ya wengine. Hucheka kicheko cha kutikisa madirisha. Humtisha mtu aliyebeba mzigo. Adhabu zake nazo zilikuwa kwenye jedwali, na iliyopendwa zaidi ilikuwa ya tatu, kutolewa mjini juu ya punda huku umeangalia nyuma.

Mambo yalikwenda vizuri. Mchimba visima alipewa kisima. Mama wa kambo alinyang'anywa godoro. Kazi ilikwama mara moja tu, kwa siku tatu nzima, kwenye ukurasa ambao simba anamla mwindaji.

"Shujaa ni nani hapa?" aliuliza Mkurugenzi. "Anayekula au anayeliwa?"

"Anayekula ameshapata tuzo," alisema Bi Kanuni. "Tukimpa nyingine atakuwa amelipwa mara mbili."

"Na anayeliwa?"

"Ameshapata adhabu."

"Basi faili limefungwa!"

"Naunga mkono," alisema Naunga Mkono, na wakanywa chai, Mkurugenzi akitangulia.

Tatizo lilikuwa Shangazi. Vitabu vya rafu za chini vilichanwa na watu wa ghorofani, lakini vya rafu ya juu vilihitaji ngazi, na ngazi ilikuwa ya masijala, na ufunguo wa ngazi alikuwa nao yeye, shingoni. Siku moja Mkurugenzi alishuka mwenyewe. Nilikuwa pembeni nafuta vumbi.

"Mama, mbona vitabu vya juu bado vina kurasa zake za mwisho?"

"Ndiyo, bosi. Hata vya chini vilikuwa nazo, kabla hamjaja."

"Unakataa kuchana vitabu?"

Shangazi alikuwa amebeba majalada kifuani, yanamfika kidevuni. "Nimekataa. Mimi niliajiriwa kutunza karatasi. Ukitaka wa kuchana, ajiri mbuzi."

Mkurugenzi akacheka. Alicheka mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. "Utaondoka hapa bila hata kikombe," alisema. "Ijumaa utausikia mwisho wako."

Alipopanda ngazi kurudi kwake, Shangazi aliyatua majalada, akanitazama. "Mwanangu, kazikunje nguo zako. Usisubiri kusukumwa."

Nilielewa. Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu. Chumba tulicholala, kile cha nyuma ya jengo chenye dirisha la kuelekea mapipa ya taka, kilikuwa cha kazi yake. Yeye ndiye aliyenichukua mama yangu alipofariki, na katika chumba kile nilipata kitanda kwa mara ya kwanza. Akifukuzwa kwa aibu, tunatoka sote, sisi na godoro letu. Nilizikunja nguo. Zilikuwa chache, zikaisha upesi, nikazikunjua, nikazikunja tena.

Kesho yake ilitoka Kanuni ya Kumi na Moja. Fasihi ni kioo cha jamii, ilisema, kwa hiyo hadithi ya kweli ikipita kwenye Kamati, wahusika walio hai watatekelezewa hukumu siku hiyohiyo, na hukumu hiyo haitatenguliwa na mtu yeyote. Hapo Mkurugenzi akaongeza kwa kalamu yake mwenyewe, "hata mwenyekiti." Alitaka watu wakija kumwombea Shangazi awaoneshe kwamba mikono yake imefungwa.

Kisha akajifungia siku nne, anaandika. Nilimpelekea chai mara tatu kila siku. Aliandika ulimi ukiwa nje, kama mtoto anayejifunza kuchora nyumba. Ilikuwa hadithi ya kweli ya kiongozi mmoja na kikongwe mmoja wa masijala, kurasa arobaini. Siku ya nne alinikabidhi ukurasa wa mwisho, umeshapitiwa na mpiga chapa.

"Upake wino, uuchanganye na zile nyingine. Kamati isijue umetoka wapi. Nataka haki itendeke yenyewe." Akainama karibu. "Kimya, wewe si huna mdomo?"

Nikatikisa kichwa. Nikaenda nao jikoni, nikauweka karibu na birika, nikafanya kazi yangu.

Ijumaa ikafika. Shangazi aliitwa kikaoni kama mleta majalada, akaambiwa asimame karibu na mlango, na majalada yake kifuani. Mimi nilikuwa na sinia. Mkurugenzi alikuwa amepanda kitini, amevaa tai mpya. Alinywa funda la kwanza, akasema, "Tuendelee na ukurasa namba mia mbili na kumi na mbili. Sijui hata unahusu nini."

Bi Kanuni akausoma kwa sauti. Kila penye wino mweupe palipokuwa na mtu alisoma "fulani" na namba yake, pengine akaruka, kama utaratibu ulivyotaka.

"Basi fulani wa kwanza aliketi juu ya kiti chake kirefu, akanywa chai kabla ya wote, akamtazama fulani wa pili, aliyesimama chini amebeba mzigo kifuani. Akamuuliza, unakataa? Naye akajibu, nimekataa. Fulani wa kwanza akacheka kicheko kikubwa hata madirisha yakatetemeka, akasema, utaondoka hapa bila hata kikombe. Na watu wote wakanyamaza. Mwisho."

Bi Kanuni akaugeuza ukurasa, akatazama nyuma. "Huyu mwandishi hana sifa hata moja. Tutumie Jedwali."

"Hakuna hata moja?" aliuliza Mkurugenzi. "Angalia vizuri. Pengine pale kwenye kiti."

"Hakuna. Dalili ya kwanza, ameketi juu kuliko wenzake. Ipo. Ya pili, amekunywa kwanza. Ipo. Ya tatu, kicheko. Jamani, mpaka madirisha! Ya nne, anamtisha mtu mwenye mzigo." Akaweka alama nne kwa kalamu nyekundu. "Miezi yote hii sijawahi kukutana na mwovu aliyekamilika namna hii."

"Naunga mkono," alisema Naunga Mkono.

"Subirini kwanza," alisema Mkurugenzi. "Kiti kirefu kinaweza kuwa ishara ya upeo. Mtu anaona mbali."

"Mwenyekiti, Kanuni ya Nane inakukataza kumtetea mhusika."

"Simtetei. Nasema tu tumtazame kwa upana. Labda ana majukumu. Labda alikuwa na kiu!"

"Na kicheko?"

"Mtu hacheki?"

"Mzee, wewe unaonaje?" Bi Kanuni akamgeukia Naunga Mkono.

Naunga Mkono akakitua kikombe chake. Kisha akasema jambo ambalo hatujawahi kumsikia akilisema. "Mimi huyu jamaa simpendi. Ananikumbusha mtu, sijui nani."

Mkurugenzi alikuwa ameanza kutoka jasho. Tai mpya ilikuwa imemkaba.

"Mwovu ni fulani wa kwanza," Bi Kanuni akahitimisha, "adhabu namba tatu. Shujaa ni fulani wa pili, tuzo namba moja, nusu ya ufalme. Bahati mbaya ni hadithi tu, maana mtu kama huyu ningependa kumwona kwa macho."

"Si hadithi!" Mkurugenzi akapiga meza. "Huyo ni mimi! Nimeandika mwenyewe! Shujaa ni mimi, mwovu ni huyu mama hapa mlangoni!"

Bi Kanuni akalamba kidole, akafungua kitabu chake, ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka.

"Kumbe yuko hai," alisema.

"Niko hai ndiyo!"

"Basi ni Kanuni ya Kumi na Moja. Utekelezaji leo hii. Haitenguliwi na mtu yeyote." Akasogeza miwani. "Hata mwenyekiti. Huu si mwandiko wako?"

"Naunga mkono," alisema Naunga Mkono, akanyanyua mikono yote miwili.

Punda hakupatikana, na fomu ya kumwomba punda ingechukua siku kumi na nne za kazi. Kwa hiyo ikatumika gari ya Idara. Mkurugenzi alikalishwa kiti cha mbele, na dereva akaiendesha kinyumenyume kutoka mlangoni hadi barabara kuu, polepole, akiwasha taa za ishara kila kona, kwa sababu sisi ni taasisi inayofuata sheria. Tulisimama nje tukampungia mkono. Yeye alikuwa anatuangalia sisi, tunazidi kuwa wadogo.

Bi Kanuni alimletea Shangazi hati ya nusu ya ufalme, kuanzia masijala hadi kwenye ngazi.

"Nusu ya nini?" aliuliza Shangazi. "Mama, nipeni kiti tu, mgongo unaniuma. Na chumba chetu mtuachie."

Akapewa kiti. Alikiangalia, akainama, akavichomoa vile vipande vinne vya mbao, akaenda kuitegemeza navyo rafu iliyokuwa imeinama tangu nianze kazi pale. Kisha akanipa gundi na sanduku la kurasa zote zilizochanwa. "Rudisha kila mtu kwake, mwanangu. Mchimba visima umpe kiu yake. Ndiyo iliyofanya watu wamlilie."

Nikaanza kubandika. Nilikuwa ninaendelea na kazi hiyo Bi Kanuni alipoingia na ule ukurasa namba mia mbili na kumi na mbili. Akauinua dirishani, mwanga ukapenya.

"Kimya," alisema, "chini ya huu wino mweupe kuna maneno mengi. Mengine hayana mstari wa penseli. Unajua yameandikwa nini?"

"Sijui, mama," nilisema.

Shangazi alikuwepo. Akasema, "Huyo mtoto hajui kusoma," na Bi Kanuni akaridhika, akaondoka.

Huyo mtoto anajua kusoma. Nilijifunza hapohapo jikoni, nikisubiri maji yachemke, kwenye vitabu vilivyobaki bila mwisho. Nasoma kwa kidole, polepole, lakini nafika. Pale chini ya wino pameandikwa "shujaa wetu" mara sita, "mwenye huruma" mara mbili, na karibu na Shangazi "kikongwe mwovu" mara nne. Mpiga chapa hakupiga mstari hata mmoja kwenye hayo. Niliyapaka mimi. Kanuni ya Sita inasema majina, vyeo na sifa. Miezi yote ile ni mara moja tu ilipofuatwa sawasawa, na aliyeifuata ni mimi.