Malalamiko Kuhusu Kijana Anayeuliza Kwa Nini Tunatoa

Soko la Nyasubi,
Kahama.

Kwa Mkuu wa Idara ya Utafiti,

Shikamoo, kama unanizidi umri. Kama hunizidi, itunze utampa mwingine. Mimi ni Salome Maige, muuza dagaa. Nalalamika kuhusu mtafiti wenu wa hapo chuoni, Deusdedit, aliyekuja kuchunguza kinachowafanya watu watoe misaada.

Kijana ana adabu. Tatizo ni maswali yake.

1. Nyumba ya Bhoke, fundi cherehani wa hapa sokoni, iliungua. Tukaanza kumchangia kama kawaida yetu. Deusdedit akapita meza kwa meza: "Mama, unatoa kwa huruma, kwa imani, au ili uonekane?" Jirani yangu wa meza, jina lake Sikujua, muuza mitumba, alikwisha kukunja mablanketi ya kumpelekea. Akayakunjua. Alisema hawezi kutoa kabla hajaujua moyo wake. Mpaka sasa anauchunguza, na Bhoke anajifunika khanga.

2. Kanisani alieleza kwamba mtu hutoa zaidi akitazamwa. Mchungaji alifurahi mno. Siku hizi wanakwaya wanageuzwa wawakodolee macho watoa sadaka. Mzee Maduhu, aliyezoea kutoa kimyakimya, amehamia kanisa lisilo na umeme.

3. Akatufundisha kwamba picha ya mtu mmoja mwenye huzuni hugusa mioyo kuliko maelezo marefu. Tukaenda kumpiga picha Bhoke. Sasa Bhoke ni mtu wa kucheka hata msibani. Tulipomsihi ahuzunike kidogo tu, alicheka mpaka akakaa chini. Picha hiyo haijamgusa mtu.

4. Ubaya umeingia hadi kwangu. Nilimwomba mume wangu, Herman, anisaidie kubeba gunia. Akaniuliza, "Na motisha ya mtoaji umeizingatia?" Mimi na Herman tulifunga ndoa kanisani, si chuoni.

Kwa hiyo naomba mumwondoe haraka, na mtuletee sababu moja ya kutoa, iliyogongwa muhuri, tuifuate sote. La sivyo, Nyasubi hakuna atakayempa mwenzake hata chumvi.

Nisalimie wahadhiri, wapishi na mlinzi wa getini.

Mwenye masikitiko,
Salome Maige

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, Deusdedit ameshikwa na malaria. Yule Sikujua wa mitumba amembeba mpaka zahanati, Bhoke amempikia uji, nami nimemchinjia kuku. Alipopata nguvu kidogo akauliza kwa nini tunamfanyia haya. Bhoke akamwambia, "Kunywa uji." Naomba msimwondoe kwanza, bado hajapona.