Ombi la Kupunguziwa Adabu za Kapiteni Mirindi

Buyenzi, Bujumbura

Kwa Mama Mirindi,
Kamenge, nyumba yenye geti la bluu, nyuma ya hospitali

Kuhusu: Mtoto wako kulelewa kupita kiasi

Mama Mirindi, mzazi mwenzangu,

Nakusalimu kwanza, maana hata mtu mwenye hasira kama mimi alifundishwa kusalimu. Habari za mguu? Habari za biashara ya vitenge? Sisi huku wazima, isipokuwa mimi niliyepandwa na presha, na hiyo presha umeizaa wewe.

Mimi ni Sleiman, mwenye duka la misumari na mabati hapa Buyenzi. Tulionana siku Mirindi alipokuja kuchukua kazi yangu. Ulimsindikiza mpaka mlangoni mwa duka, ukaniambia nisiwe na wasiwasi, huyu mtoto ana adabu. Sikujua, Mama, kama ulikuwa unanionya.

Kazi yenyewe haina maajabu. Nilinunua yoti kule Mpulungu, mwisho wa ziwa, upande wa Zambia. Ni chombo cheupe, kina injini mbili, vitanda vya kulala, na kiti cha nyuma ambapo bibi harusi anaweza kukaa asilowe. Mirindi alitakiwa aichukue huko, afuate pwani ya Tanzania, apite Kipili, apite Kigoma, aingie kwetu Burundi, apite Rumonge, aniletee hapa mjini. Kisha binti yangu Nafisa, ambaye nikahi yake na Yaseen wa Kigoma imeshafungwa, apande na shela lake apelekwe kwa mume. Ni safari ya wiki moja kwa mtu asiye na haraka. Siku ya kumtoa Nafisa tumeshaiahirisha mara mbili. Sasa tumesema Jumamosi hii, na yoti sijaiona. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kusalimu. Mtoto wako akiona nyumba ufukweni, anasimama. Akiona moshi tu, anasimama vilevile, kwa sababu penye moshi kuna mwenyewe. Nilimwambia kwenye simu kwamba ziwa si uwanja wa nyumba ya mtu. Akanijibu kwa heshima zote kwamba kupita mbele ya watu na injini inanguruma, bila kuwapa hata jambo, ni kama mmegombana nao. Akamalizia: "Apana, Papa Sleiman. Bale batu batasema nini?" Mimi watasema nini sijui, siwajui hao watu. Au tuseme nilikuwa siwajui. Leo najua kwamba Kipili kuna bibi mmoja ana kikohozi kisichopona, na nimeshamtumia dawa.

2. Honi. Yoti ina honi nzuri sana, haijawahi kupigwa. Mitumbwi ikiwa mbele, Mirindi anazima injini na kungoja wavuvi wamalize kuvuta nyavu zao. Anasema mtu anayefanya kazi hapigiwi kelele.

3. Kusindikizwa. Hapa ndipo ninapoomba ukae chini, Mama. Watu wa Kipili walipopata mgeni wa namna hii, waliona hawawezi kumwacha aondoke peke yake. Wakapanda yoti wamsindikize kidogo. Wewe na mimi tunajua kidogo ni wapi: ni mpaka kwenye kona ya barabara, mnashikana mikono, kila mtu anarudi kwake. Ziwani hakuna kona. Walimsindikiza mpaka Karema, mji mwingine kabisa. Walipofika, Mirindi akaona kwamba kuwaacha wageni ugenini ni aibu, akageuza yoti, akawarudisha mpaka Kipili. Nao waliporudishwa kwa heshima kubwa hivyo, wakaona haifai aondoke hivihivi. Wakapanda tena. Mazutu yangu, mafuta ya injini mbili, inachomwa kwa kuagana.

4. Vikapu. Kila wanapomsalimu wanampa kitu. Kipili walimpa kikapu cha ndagala, yaani dagaa wakavu, Karema kikapu cha mihogo, na mahali pengine ambapo hata jina lake sikulishika walimpa bata wawili wenye hasira. Sasa, kikapu cha mtu hakirudishwi kitupu. Hilo sibishani nalo. Mke wangu Alya hawezi kurudisha sahani ya jirani bila kutia hata ndizi moja ndani yake. Lakini Alya anarudishia juu ya ukuta, Mama. Mtoto wako anarudisha vikapu kwa injini mbili. Na anavijaza nini? Anavijaza alichopewa na kijiji kilichotangulia. Wenyeji wakiona kikapu kimerudi na mihogo, wanaona haya, wanatoa kikapu kikubwa zaidi. Nimepata habari kwamba ndagala wa Kipili wameshazunguka pwani nzima wakarudi Kipili, na wenyewe wamewasifu sana.

5. Wakwe zangu. Yoti ilipofika Kigoma nilishukuru Mungu, nikijua pale itatia mafuta tu na kuja. Kumbe Yaseen, mama yake na mashangazi zake wote wameingia ndani kuisindikiza. Nakuomba ufikiri vizuri. Hiki ni chombo kinachokuja kumchukua bibi harusi, na bwana harusi yumo ndani. Walikuja hadi Nyanza-Lac, huku kwetu Burundi, na hapo ndipo Mirindi alipokumbuka kwamba bwana harusi hatokei ukweni kabla ya kuitwa, tena mama yake akiwa na kanga za nyumbani. Akawarudisha wote Kigoma. Nilimpigia Yaseen nikitegemea atalalamika pamoja nami. Ameniuliza kama kapiteni ana dada, kwa ajili ya mdogo wake. Nasikia unaye Mwavita. Nakuambia mapema: hiyo harusi ikitokea, yoti siazimi.

6. Hali ya nyumbani kwangu. Hina ya Nafisa imefifia na kuchorwa upya mpaka yule mchoraji anaichora bila kuangalia. Beberu wa karamu amekaa uani muda mrefu, watoto wa jirani wamempa jina la Jordan, na sasa nikitoka na kisu hata cha kukatia kamba, wananiangalia vibaya. Zaidi ya yote, Nafisa mwenyewe bado yupo. Mke wa mtu, lakini kila asubuhi ananitilia chai ya tangawizi kabla sijaiomba. Ananifichia sukari kwa sababu daktari alisema. Ananisomea yale maandishi madogo kwenye dawa, halafu ananicheka ninavyokunja uso. Majirani wanauliza ataondoka lini. Hii ni fedheha ambayo mwenye duka wa umri wangu hakupaswa kuipata.

7. Mimi binafsi. Juzi nilipanda gari, nikapita Musaga, nikashuka kusini mpaka Rumonge nikaikamate yoti kwa mkono wangu. Njia nzima nilipanga maneno makali, mengine ya Kifaransa. Nikaikuta. Mirindi akashuka, akanipokea mfuko kwa mikono miwili, akauliza habari ya kila mtu nyumbani kwa jina lake, hata ya Jordan. Maneno yakanipotea. La maana nililobakiza ni moja tu, kwamba aharakishe, na hilo pia nililisema taratibu. Akanisindikiza mpaka kwenye gari. Mimi nami ni mtu niliyelelewa, nikamsindikiza arudi kwenye yoti. Akaona mzee hawezi kurudi peke yake. Gari likatuacha tukiwa katikati, tunaongea vizuri tu.

Kwa hayo yote, Mama, naomba mambo matatu. Kwanza, mpigie simu umwamuru akose adabu. Siombi matusi. Naomba apite mbele ya nyumba moja tu bila kusalimu, nyumba ya mtu yeyote. Pili, kama kuna namna, umpunguzie lile la kupokea vitu kwa mikono miwili, kwa sababu nimejiuliza usukani anamwachia nani. Tatu, yote yakishindikana, na kama una mtoto mwingine uliyemlea vibaya, niletee huyo.

Barua hii anakuletea Alya mwenyewe, usimwache arudi bila kunywa chai. Nisalimie Mwavita, wenzako wa vitenge, majirani wote wa uani, na mguu wako upone.

Ni mimi niliyechoka kuheshimiwa,
Sleiman, baba yake Nafisa

Tena: Alya alikuwa ameshavaa viatu nilipoletewa habari kwamba yoti imefika. Nimekwenda kuiona. Kutoka Rumonge haikusimama popote, wala Mirindi hakumsalimu mtu. Anasema mzee akikuambia uharakishe, hungoji akuambie mara ya pili. Basi ni Jumamosi kweli. Nafisa anafunga masanduku, na sasa hivi nimemsikia jikoni akimwonyesha mama yake kipimo cha tangawizi yangu.

Mama, ombi langu nimelifuta, lote. Usimpigie simu, usimkaripie, umemlea vizuri sana. Mwambie tu kwamba kwenye yoti nimekuta kikapu kimoja cha watu wa Kipili, hakijarudishwa. Nimeshakijaza mwenyewe mchele wa Buterere. Akipeleke kwanza, kabla ya Jumamosi, na akichelewa si neno, Nafisa atangoja; njiani asipite nyumba ya mtu bila kusalimu. Akitaka watu wamsindikize, wamsindikize. Tukikaa na kikapu chao, bale batu batasema nini?